Washauri wa Kigeni: Siku ya Tatu Wapewe Jembe

Tarehe 1 Julai 2025 Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilikoma rasmi kuendesha shughuli zake, na tangu hapo mazungumzo katika ofisi nyingi za nchi hii yamejaa kilio. Wanaolia wana sababu. Kuna wagonjwa ambao dawa zao zilinunuliwa kwa fedha hizo, na kuna vijana waliopoteza kazi kwa barua moja fupi. Hata hivyo, katika kilio chote hicho sijasikia ikiulizwa hatima ya kitu kimoja ambacho wafadhili wa kila taifa wametuletea kwa zaidi ya miongo sita, nacho ni ushauri. Dawa ikikoma tunaona rafu tupu. Magari yakikoma tunaona gereji tupu. Je, washauri wakiondoka, tunaona nini?

Swali hili linawahusu walimu na wanafunzi kuliko watu wengine, kwa kuwa hakuna sekta iliyoshauriwa zaidi ya elimu. Silabasi zetu, vitabu vyetu, mbinu zetu za kufundishia, hata lugha tunayofundishia, vyote vimepitia mikononi mwa mtu aliyekuja na mkoba na kandarasi ya miaka miwili au mitatu.

Mshauri wa kiufundi ni mtu anayelipwa na mfadhili ili akae katika wizara au katika mradi, afanye kazi fulani na wakati huohuo amfunze mwenyeji kuifanya. Mwenyeji huyo huteuliwa awe mwenzi wake, na inatarajiwa kwamba mgeni atakapofunga virago mwenzi ataketi katika kiti kile na kuendelea. Ndivyo mpango ulivyoandikwa. Mwaka 1993 Elliot Berg, katika uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, alionyesha kwamba mpango huo ulifaulu nusu tu: kazi iliyokusudiwa aghalabu ilifanywa, lakini ujuzi na uwezo wa taasisi za wenyeji haukukua ipasavyo. Mwaka huohuo Edward Jaycox, aliyekuwa makamu wa rais wa Benki ya Dunia anayeshughulikia Afrika, alisimama mbele ya hadhira nchini Marekani na kutamka kwamba utaratibu wa kuwajaza wataalamu wakazi kutoka nje ulikuwa ukiudhoofisha uwezo wa Afrika badala ya kuujenga. Maneno hayo hayakutoka kwa mpinzani wa Benki ya Dunia. Yalitoka katika kiti chake chenyewe.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mgeni hupimwa kwa ripoti anayoiwasilisha, na ripoti ina tarehe. Kumfunza mwenzi huchukua muda, na mara nyingi ni rahisi zaidi kwa mgeni kuifanya kazi mwenyewe usiku kuliko kumngoja mwenzi aimudu. Mwenzi naye analipwa mshahara wa serikali, ameketi chumba kimoja na mtu anayelipwa mara nyingi zaidi yake kwa kazi ambayo hawaoni tofauti yake. Akishapata ujuzi kidogo, hutafuta kazi katika mradi unaofuata, na wizara hubaki na kiti, pengine na kompyuta. Basi mfadhili huona pengo, akaleta mshauri mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; hapa mwenyeji amekuwa akiugua maradhi yaleyale kila mgeni anapoondoka.

Mfano unaotajwa mara kwa mara humu nchini ni ule wa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Wanorwe walijenga huko kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mapema miaka ya 1980. Walikuwa na nia njema na uhandisi wao ulikuwa wa kuaminika. Kilichokosekana ni hesabu ya mambo ambayo mwenyeji yeyote angeyasema: kwamba kugandisha samaki katika jangwa lile kungegharimu kuliko bei ya samaki mwenyewe, kwamba Waturkana walio wengi ni wafugaji, na kwamba maji ya ziwa lile hupanda na kushuka. Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki wengi, ilikauka katika miaka hiyohiyo ya 1980. Jengo likaishia kuwa bohari ya samaki waliokaushwa kwa jua, yaani kwa njia ileile iliyokuwapo kabla ya mshauri wa kwanza kuwasili. Baadaye, mnamo Oktoba 1990, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kwa sababu za kisiasa, na wataalamu wakarudi kwao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda cha Kalokol hakuna mshauri aliyelazimika kukilalia.

Kiwanda kikishindwa, angalau watu hukiona. Kuta zake zimesimama na kila apitaye huuliza. Ninachotaka kukijadili kwa undani ni ushauri usioacha kuta, kwa sababu mimi ni mwanaisimu na taaluma yangu imeshauriwa sana.

Nianze na maneno yenyewe. Neno shauri katika Kiswahili lina maana ya nasaha, lakini pia lina maana ya jambo linalomhusu mtu, mzigo wake. Ndiyo maana mtu akitaka kujitenga na matokeo ya uamuzi wa mwenzake humwambia “shauri lako”, au kama wasemavyo watu mitaani, “shauri yako”. Neno mtaalamu nalo lilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mtu anayejifunza. Mwalimu ni ndugu yake wa mzizi mmoja, ila yeye ndiye afundishaye. Sidai kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya leo. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angenisahihisha. Lakini nikitazama miradi niliyoisoma, naona kwamba iliyofaulu iliongozwa na wataalamu waliokuwa bado wanajifunza, na iliyoshindwa ilikuwa ya nasaha kwa mshauri na “shauri lenu” kwa mshauriwa.

Chukua mfano wa jirani zetu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985, na hatimaye katika chuo kikuu. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Mtoto wa Tanzania alifundishwa kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi, kisha akageuziwa lugha siku moja alipoingia kidato cha kwanza. Mwalimu wake mara nyingi hakukimudu Kiingereza vizuri zaidi ya mwanafunzi. Kilichofanyika darasani ni kunakili ubaoni maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, kisha mwalimu akafunga mlango na kueleza kwa Kiswahili.

Mwaka 1984 waliwasili wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, kuchunguza hali ya Kiingereza katika shule hizo. Na tuwape haki yao: walifanya kazi kwa makini. Waliwapima wanafunzi katika ngazi mbalimbali hadi chuo kikuu, na waliyoyaona waliyaandika bila kuyapaka rangi. Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa duni kiasi kwamba wengi wao katika sekondari hawakuyaelewa masomo waliyokuwa wakifundishwa, na hata katika chuo kikuu ni wachache walioweza kusoma kwa wepesi vitabu vya masomo yao. Hizo ndizo takwimu zao. Je, msomaji angetarajia pendekezo gani lifuate? Walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na kitiliwe mkazo zaidi.

Kuanzia mwaka 1987 ukafuata mradi uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza. Walikuja washauri, na vilikuja vitabu vyepesi vya hadithi vya kuwazoesha wanafunzi kusoma. Vitabu ni kitu kizuri, na sitaki kuvibeza. Lakini mradi mzima ulisimama juu ya msingi kwamba lugha haitabadilishwa. Kama serikali ingeyafuata maoni ya Makweta, kusingekuwa na mradi wa aina ile, wala washauri wake. Mshauri aliyeitwa kusema iwapo mgonjwa anahitaji dawa alikuwa pia ndiye muuza dawa. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Casmir Rubagumya, Saida Yahya-Othman na Martha Qorro, wameandika kwa miaka mingi kuhusu hasara ya uamuzi huo kwa mwanafunzi wa kawaida. Wao hawakuwa na kandarasi ya miaka miwili. Waliendelea kuwapokea wanafunzi walewale mwaka baada ya mwaka, na kuwasahihishia insha zao.

Hata hivyo si haki kuwatwika Waingereza wawili lawama yote. Serikali ilikuwa imekwisha kuonyesha, kabla ya ripoti yao kutoka, kwamba haina haja na pendekezo la Makweta. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikilinganisha Kiingereza na Kiswahili cha ulimwengu. Yaani mshauri wa kigeni hakuipindua nia ya mwenyeji; aliipa muhuri. Na hapo ndipo penye siri ambayo hatupendi kuitaja. Serikali zetu huwapenda washauri kwa sababu uamuzi ambao waziri anauogopa, akiupata katika ripoti yenye jalada la kigeni, huwa si wake tena. Ukifaulu, ataufungulia kwa utepe. Ukishindwa, mtaalamu ameshapanda ndege.

Sisi Wakenya hatuna la kujivunia katika jambo hili. Mnamo 1957 ulianza hapa Nairobi utaratibu mpya wa kuwafundisha watoto wa Kihindi kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ukiongozwa na wataalamu wa kituo maalumu kilichoundwa kwa kazi hiyo. Ulipoonekana kufaulu katika madarasa machache ya mjini, yenye vitabu, vifaa na usimamizi wa karibu, ulitandazwa kwa haraka katika shule za Waafrika ambazo hazikuwa na kimojawapo cha vitu hivyo. Januari 1961 wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Kutokana na mawazo yaliyotawala huko, kizazi kizima cha walimu kilifunzwa kwamba Kiingereza hufundishika vyema zaidi kwa Kiingereza peke yake, na kwamba mwalimu bora wa lugha hiyo ni yule aliyeinyonya na maziwa ya mama. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliyachambua mawazo hayo moja moja na kuyaonyesha udhaifu wake. Mimi nitaongeza hili tu: kanuni inayosema kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha ya kigeni ni kanuni inayomhakikishia mshauri kazi, na inayomhakikishia mwenzi wake kwamba hatatosha kamwe. Walimu waliowavisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawakuibuni imani hiyo wao wenyewe.

Iwapo msomaji anaanza kudhani kwamba nachukia wageni, na amkumbuke Colin Mackay. Huyu alikuwa Mkanada, naye ndiye aliyeongoza jopo la rais la mwaka 1981 lililoteuliwa kuchunguza uanzishaji wa chuo kikuu cha pili. Kutokana na ripoti hiyo tulipata Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984 na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Mengi yamesemwa kuhusu mfumo huo, hasa na wazazi waliochangishwa fedha za karakana, na mtihani wa mwisho wa KCPE ulipofanywa mwaka 2023 hawakuwa wengi waliotoa machozi. Lakini ni chini ya mapendekezo hayo ndipo Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Tume zilizoongozwa na wazalendo zilikuwa zimepita kabla yake bila jambo hilo kutekelezwa. Kila mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa baada ya 1985 ana deni dogo kwa jopo lililoongozwa na mtu kutoka Kanada. Ugeni si hoja. Hoja ni kwamba jopo lile liliundwa na Wakenya pamoja naye, lilizunguka nchi likisikiliza watu, na matokeo yake yalibaki mikononi mwa wizara iliyolazimika kuyatekeleza.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao walimu wa sayansi wanaoisoma safu hii watanisahihisha nikiutia chumvi, ni ule wa SMASSE. Mradi huu wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili ulianzishwa mwaka 1998 na Wizara ya Elimu kwa ushirikiano na Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa, ukajaribiwa katika wilaya 9, kisha kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Wataalamu wa Kijapani walikuwa wachache. Waliofundisha ni Wakenya: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, nao wakawafunza walimu wenzao wakati wa likizo. Gharama za mafunzo ya wilayani zilitokana na michango ya shule zenyewe. Msisitizo ulikuwa katika shughuli za mwanafunzi, majaribio, na ubunifu wa kutumia vifaa vilivyopo, ili mwalimu asiyekuwa na maabara asikae akingoja maabara.

Walimu walinung'unika. Likizo zao ziliingiliwa na marupurupu yalikuwa haba. Wastani wa hisabati katika KCSE nao haukupaa kama ilivyotarajiwa, na yeyote anayedai kwamba mradi ule uliyaponya maradhi ya hisabati nchini anajidanganya. Lakini Wajapani walipopunguza mkono wao, kazi haikufa. Kituo cha CEMASTEA kule Karen kipo, kina Wakenya, na kinaendelea kuwafunza walimu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2001 nchi nyingine za Afrika zilijiunga katika mtandao uliotokana na mradi huo, na wakufunzi wa Kenya wakaanza kualikwa kwenda kuwafunza wenzao huko. Naam, mwalimu wa fizikia wa Kenya akawa mshauri wa kiufundi.

Tofauti ya Kalokol na Karen haiko katika utaifa wa wafadhili wala katika wingi wa fedha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika SMASSE mgeni alipewa jembe mapema na akaona wenyeji nao wameshika yao, tena kwa fedha zilizotoka mifukoni mwa wazazi. Mtu aliyetoa fedha zake huuliza maswali, na mshauri anayeulizwa maswali hujifunza.

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao wachumi huupita haraka. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuupitia mfululizo wa maswali uliotafsiriwa kwa ajili ya mradi mmoja wa kilimo katika Kaunti ya Kilifi. Mshauri, ambaye hakujua Kiswahili, alikuwa ameagiza tafsiri kutoka mjini, na swali la kwanza lilimtaka mkulima aeleze kaya yake ina watu wangapi. Kaya ni neno sahihi kabisa la Kiswahili sanifu kwa maana ya watu wa nyumba moja. Lakini kwa Mmijikenda, kaya ni msitu mtakatifu wa wazee wake, mahali ambapo hapaingiwi ovyo. Mzee mmoja, niliambiwa, alijibu kwamba waliomo humo hawahesabiki. Jibu lake lilitiwa katika fungu la walioshindwa kuelewa swali! Maswali yalikuwa yameshaulizwa nilipoletewa, na takwimu zilikuwa zimeshaingia katika ripoti.

Lugha ndiyo mlango ambao ujuzi huingilia na kutokea. Mshauri akifanya kazi kwa lugha ambayo fundi wa maji, muuguzi wa zahanati au mwalimu wa darasa la pili hakufunziwa kazi yake kwayo, anayoyajua hayawafikii, na wanayoyajua wao hayamfikii. Kisha huandika ripoti kwa lugha hiyohiyo, ikaenda kwa aliyemlipa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Sijui ni ripoti ngapi za washauri walioletwa kutusaidia zimewahi kuandikwa kwa lugha hiyo rasmi. Mimi sijaishika hata moja. Tungelitia sharti hilo katika kila kandarasi, mshauri angelazimika kumtegemea mwenzi wake tangu siku ya kwanza, na mwenzi angekuwa mwandishi badala ya karani.

Watakuja wengine. Nafasi iliyoachwa na Wamarekani haitakaa wazi, na wako tayari Wachina, mataifa ya Ghuba, na wakfu za matajiri ambazo hazina bunge la kuziuliza. Kabla ya kutia saini mkataba mwingine, Wizara ya Elimu ingefanya jambo moja lisilohitaji mfadhili: kuzikusanya ripoti za miradi yote ya elimu iliyofungwa, kuzifasiri kwa Kiswahili, na kupeleka nakala katika maktaba za vyuo vya walimu. Wapo wanafunzi wa isimu na tafsiri wanaotafuta kazi ya mazoezi kila mwaka, na rafu zipo.